Motokaa Iliyochelewesha Mchi

Tuliokuwamo motokaani siku ile ni wanne. Mume wangu, Mfaume bin Likoti, ndiye aliyeshika usukani. Bibi yake mzaa baba, Bi Asumini, alikaa juu ya marobota ya pamba na kuku wake wawili. Kwetu bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume, kwa hiyo mimi niliyeolewa na mjukuu nilikuwa mke mwenzake, na wivu wake haukuwa wa mchezo. Wa tatu ni Feruzi, askari wa Mdachi. Huyo hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu. Alikuwa akirudi bomani Lindi, akapewa nafasi pembeni mwa Mfaume, yeye na bunduki yake. Wa nne ni mimi, Somoe binti Hamisi, bi harusi wa juzi juzi, mdomo mrefu kuliko akili.

Mimi na Bi Asumini tulikuwa tunakwenda Lindi kwa ndoa ya mdogo wangu Tatu. Motokaa yenyewe haikwenda kwa ajili ya Tatu. Ilikuwa ya Bwana Miwani, ndivyo tulivyomwita yule Mdachi wa shamba la pamba karibu na Mtama, naye alikwisha kutangulia Lindi kungoja meli. Alimwachia Mfaume neno moja tu: pamba ifike kabla meli haijang'oa nanga. Isipofika, hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano mgongoni, na usukani apewe mwingine. Na motokaa ilikuwa imeanza kukohoa. Mfaume alijua, mimi nilijua, na bado nikapakia kinu kizima cha mti wa mkongo, zawadi ya Tatu.

Alfajiri, Mtama. Bi Asumini alikitazama kile kinu nikikisukuma juu.

"Mke mwenzangu," akasema, "unampelekea mwenzio kwa kuwa wewe kimekushinda?"

Alikuwa na haki. Kwetu wanawake wawili hutwanga kinu kimoja, huyu akipandisha mchi, yule anashusha. Mchi wangu mimi ulichelewa kila siku. Michi iligongana, mtama ukaruka nje, kuku wakanipenda sana. Majirani hawakuhitaji kuchungulia. Walisikia mlio tu wakasema, "Leo anatwanga Somoe."

Jua lilipopanda tulikuwa tumeiacha Mtama nyuma, kwa mwendo wa kobe mwenye homa. Motokaa ilivuta kidogo, ikakohoa, ikapiga mshindo nyuma kwenye bomba la moshi, ikavuta tena. Kila mshindo Feruzi alishika bunduki. Kwenye tambarare ilikwenda kwa hiari yake. Penye mwinuko sisi wanawake tulishuka tukatembea, na tukaitangulia. Maji ya kuipoza mashine yalichemka mpaka Bi Asumini akauliza kama tumebeba unga.

Kabla ya kufika Narunyu kuna kilima. Si kirefu, lakini motokaa ilikiona ikakata tamaa. Mfaume akashuka. Akafungua bomba la petroli, petroli ikatoka vizuri. Akatoa plagi moja moja, akazipangusa, akazirudisha. Akapuliza kila penye tundu. Alipopiga hendeli kuiwasha, kukohoa kulekule. Akaketi kando ya gurudumu na kushika kichwa, nami nikajua anaufikiria mgongo wake.

Hapo nikaona lazima nisaidie.

Mwalimu Selemani wa Mtama alikuwa ameniandikia kombe, maneno ya Mungu kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akayaosha kwa maji na kuyatia chupani, ninywe njiani nisitapike. Sikutapika. Dawa ikabaki. Nikasema moyoni, dawa nzuri isipotee bure. Mfaume aliponyanyuka kupiga hendeli mara nyingine, nikasogea ubavuni mwa mashine, nikasoma Bismillahi, nikanyunyiza. Kati ya chuma chote kile, nikanyunyiza penye magneto, kisanduku kinachozaa cheche za kuwasha moto ndani. Motokaa iliyokuwa ikikohoa sasa ikanyamaza kama maiti.

Na hilo ndilo lililokuwa kosa dogo.

Watu wa mashamba ya karibu walikwisha kukusanyika kutazama. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijawa hadithi siku zile. Mjomba wangu Chitanda alinyunyiziwa yale maji, akaambiwa risasi za Mdachi zitayeyuka. Hakurudi, na waliorudi walikuta njaa nyumbani. Tangu hapo mtu hakushika chupa mbele ya askari bila kuinywa kwanza aonekane. Na mimi nimesimama mbele ya kundi la watu, midomo inacheza, nanyunyizia maji mali ya Mdachi!

"Weka chini!" Feruzi alipiga kelele. "Chupa weka chini!"

Bunduki ilikuwa inanitazama. Watu wakatawanyika mihogoni. Mkono wangu ukakataa kufunguka, chupa imeng'ang'ania. Mfaume akaja kusimama katikati.

"Bwana askari, hilo ni kombe. Huyu ni mke wangu."

"Nimeona kwa macho yangu. Bomani nitasema niliyoyaona."

Kutoka juu ya pamba ikaja sauti ya Bi Asumini. "Feruzi, mwanangu, mtazame vizuri mke mwenzangu. Mtama tu umemshinda, ndiyo ataziweza risasi?"

Mihogo ikacheka. Feruzi hakucheka, lakini bunduki ilishuka. "Bomani nitasema," akarudia, akaenda kukaa kwenye jiwe.

Adhuhuri ilitukuta palepale. Mfaume hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alinyoosha mkono tu, nami nikampa kanga yangu mpya niliyoiweka kwa ajili ya harusi. Akafungua magneto, akaikausha kwa ile kanga, pembe kwa pembe. Alipopiga hendeli ikawaka, na ule mlio wa kukohoa ukarudi. Nikausikiliza kwa mara ya kwanza bila kusema neno. Nikaufahamu.

"Bwanangu," nikasema, "huyo ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi kinuni. Sikiliza. Huo ni mchi wangu."

Bi Asumini akainua shingo. "Wallahi! Ni yeye!"

Mfaume akasimama. "Unapotwanga, wewe unatangulia au unachelewa?"

"Nachelewa. Mwenzangu amekwisha kunyanyua, mimi ndiyo kwanza nashuka."

Akaniambia nikae penye usukani, nikisukume na kukivuta kile kijiti cha kuwahisha na kuchelewesha cheche. Nikafanya. Yeye ameinama chini kwenye magneto.

"Sukuma!"

"Nasukuma!"

"Nimesema sukuma, Somoe!"

"Nasukuma, jamani, mkono utang'oka!"

Kumbe kijiti juu kinacheza na huku chini hakuna kinachosogea. Mkono wa chuma unaounganisha ulikuwa umelegea parafujo, umeteleza nyuma. Cheche zilikuja wakati wake umepita, moto ukaishia bombani badala ya kusukuma gari. Mfaume akaushika ule mkono kwa vidole, mashine inanguruma, akausogeza taratibu.

"Semeni ninyi!"

"Bado," alisema Bi Asumini.

"Bado," nikasema.

Ikaanza kugonga, kang, kang, kang.

"Sasa amepiga mchi wa mwenzake!" tukalia kwa pamoja. "Rudisha!"

Akarudisha kidogo. Mlio ukakaa sawa, huyu anapanda, yule anashuka, hakuna anayemgusa mwenzake. Sikuwahi kutwanga hivyo maishani mwangu. Mfaume akakaza parafujo, akaifunga na waya juu yake. Kilima tulikipanda sote tukiwa ndani, Bi Asumini akiwapungia mkono watu wa mihogoni kama mke wa liwali.

Alasiri tuliingia Lindi. Meli ilikuwa bado ipo, mashua zinapeleka mizigo ya mwisho. Bwana Miwani alisimama gatini, uso mwekundu. Hakumuuliza Mfaume. Alimuuliza askari.

"Kwa nini wamechelewa? Njiani kumetokea nini?"

Feruzi akabana miguu. Akanitazama, mimi na kanga yangu ya harusi iliyokuwa nyeusi kwa grisi. Neno moja tu, maji, lingetosha kumpeleka Mfaume bomani na mimi nyuma yake.

"Bwana," Feruzi akasema, "huyu mwanamke alidhani motokaa ina kiu. Akainywesha."

Bwana Miwani alimtazama Feruzi, akanitazama mimi. Kisha akacheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi. Wapagazi nao wakacheka, maana mkubwa akicheka nani atabaki? Pamba ikashushwa. Mfaume akaambiwa amri moja: tangu leo mwanamke asikanyage motokaa ile.

Kesho yake, harusini kwa Tatu, nilimpelekea Feruzi sahani ya pilau. "Ahsante, kaka, kwa kutufichia," nikamwambia.

"Nimeficha nini? Niliulizwa niliyoyaona. Nimeona mjinga na chupa."

Safari ya kurudi Mtama Mfaume alikwenda na motokaa, mgongo mzima. Mimi na Bi Asumini tulikwenda kwa miguu, jua kwa jua, naye alihesabu kila kokoto kwa jina langu. Miguu ilivimba. Nilifurahi kila hatua, ingawa sikumwambia. Nilichojifunza ni hiki: akili huwa haina mwenyewe, lakini siku nyingine ujinga wa mtu ukionekana na wote humwokoa kuliko akili aliyoificha.

Majina niliyoyataja yote nina hakika nayo, msiniguse hapo. Mambo ya mashine siyaapii; wajukuu mlio mafundi, kama ule mkono wa chuma uliteleza mbele na si nyuma, nisahihisheni. Na ikiwa yupo aliyesikia kwa wakubwa wake kwamba Feruzi alisema neno jingine pale gatini, aniletee, nitalifuta langu niandike lake.