Maneno Niliyomtia Mdomoni Mchekeshaji

Nianze na ujinga wangu, maana bila huo kisa hakipo: nilichukua kalamu ya wino nikaandika kwenye picha ya watu. Haya, nichekeni. Lakini yaliyofuata ni kweli tupu, na asiyetaka kuamini shauri yake.

Mama yangu anatia picha fremu katika karakana moja mtaa wa Satwa, huku ughaibuni, nyuma ya mafundi cherehani. Sisi asili yetu Unguja, tunakaa mtaa wa Al Baraha, na likizo ya Agosti huniburura kazini kwa sababu, anasema, nikibaki nyumbani peke yangu jengo zima litahama. Siku hiyo mezani palikuwa na michoro sita ya wino. Aliileta madam mmoja Mwingereza, mzee, mpole. Alisema hao ni wachekeshaji wa zamani sana, wa zile kumbi za kwao ambako watu walikwenda kunywa, kuimba na kuvunjwa mbavu. Mchoraji aliwafanyia dhihaka: vichwa kama madebe, miili kama vijiti, pua za kutundikia kanzu. Mmoja wao alikuwa babu wa babu yake, na madam hana picha nyingine ya mzee huyo. Hiyo tu.

Karakana ina sheria moja kubwa: kalamu ya wino haikaribii meza. Penseli basi. Mama akaenda kuchukua vioo jengo la pili, akaniambia nisiguse kitu. Saa nane mchana, jua linachoma, Satwa imefunga maduka imelala. Nikabaki natazamana na yule babu. Mdomo wake umeachama kama mlango wa gereji, na ndani hamna hata neno moja. Wewe ungevumilia? Nikamchorea kiputo cha maneno mdomoni, nikaandika ndani yake: "Kichwa hiki kinahitaji viza yake."

Nikacheka peke yangu. Kisha nikasikia mtu anakohoa.

Alikuwa amesimama kando ya rafu ya mbao. Kichwa debe, koti la miraba, kofia ndogo juu kama kifuniko cha buli. Nikatupia jicho karatasi: kiputo kipo, mtu hayupo! Bibi yangu alinifundisha, ukimtilia mtu shaka mtazame miguu, jini ana kwato. Nikatazama. Kwato hamna. Viatu tu, vidogo kama vya mtoto anayejifunza kusimama.

"Shikamoo," nikasema. Ningesema nini tena?

"Viza," akauliza, "ni kitu gani?"

Msiniulize alisema kwa lugha gani. Nilimwelewa, basi.

"Ni ruhusa ya kukaa nchini, babu. Sasa mzaha wenyewe ni kwamba, kwa vile kichwa chako ni kikubwa..."

"Mzaha ukielezwa umekwisha kufa," akasema. "Miaka yote hii nimeachama nangoja neno, wewe ukaona unitie hilo?"

Hakukasirika, niaminini. Alisikitika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Na wewe unayo hiyo viza?"

"Yangu iko chini ya mama. Ya mama iko kwa arbab, mwenye karakana. Akimfukuza kazi, khalas, sote tunaondoka, na shule..."

Hapo ndipo nilipojisikia ninachokisema. Wino hautoki kwenye karatasi. Arbab huja saa kumi.

Mzee akanitazama. "Nichekeshe," akasema. "Sisi tulichekesha watu usiku kucha. Nani alituchekesha sisi? Ukiweza, maneno yako nitakurudishia."

Mimi ndiye mchekeshaji wa darasa, eti. Nikatoa kichekesho cha ngamia kwenye lifti. Akapangusa koti. Nikatoa cha mwalimu wa hesabu. Ananitazama kama askari wa uhamiaji. Machozi yakanitoka. "Mama ataniua," nikasema.

"Atakuuaje?"

Nikamwonyesha. Nikachomeka penseli sikioni, nikashika kiuno, nikabana pua: "Ewe mtoto! Nimekuzaa au nimekuokota Deira? Nimesema usiguse! Nikisema usiguse nasema na fremu? Ala! Haya, lia, lia upesi, nina kazi!"

Mabega yake yakatikisika. Kofia ikaanguka. Akacheka mpaka kichwa kikamzidi uzito, kikamvuta chini, na hakufika sakafuni. Alikuwa tena karatasini. Kiputo hakuna, wino hakuna. Ila macho, yaliyokuwa wazi, sasa ameyafumba kwa kicheko. Madam alipokuja kuuchukua mchoro wake aliutazama muda mrefu, akasema hakumbuki kama pichani babu alikuwa na furaha hivyo.

Nami maneno yangu nilirudishiwa kweli: ncha ya ulimi wangu ni nyeusi ti mpaka leo. Limau, chumvi, daktari, wapi! Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiona mdomo uliochorwa wazi, uache. Hujui mwenyewe anangoja kusema nini.

Na mama? Siku ile ile nilipogeuka alikuwa mlangoni, kakumbatia vioo, sijui tangu lini. Akaviweka chini polepole. Akautazama mchoro, akanitazama mimi. Nikafumba macho kungoja kofi.

"Mgeni wako kacheka vizuri," akasema. "Lakini mimi, nikigomba, sisemi hivyo."