Kilio cha Kuazima

Hana cheti cha chuo. Hana dirisha, wala kiti kisichoyumba, wala feni inayozunguka bila kulalamika. Hana hata jina mlangoni. Wenzake humwita Mama Mkasi, kwa kuwa kazi yake ni kukata na kuunga picha za taarifa ya habari ya saa moja jioni. Na tangu juzi, hana uhakika wa kazi yenyewe.

Saa kumi alasiri yuko mbele ya kompyuta, hedifoni shingoni, chai imepoa. Anaitazama tena picha iliyomponza: mama aliyefiwa na mwanawe baada ya ukuta wa shule kuanguka. Mama huyo hakulia mbele ya kamera. Alikunja mikono, akauliza taratibu, "Huo ukuta aliukagua nani?"

Mkuu wa chumba cha habari hakupendezwa. Mwezi mzima kituo jirani kilikuwa kimewaacha mbali kwa watazamaji, na chati ya aibu hiyo ilibandikwa hadi mlango wa choo. Alimwagiza Mama Mkasi alifute lile swali, na mahali pake atie kilio kutoka akiba ya sauti, kilichorekodiwa kwenye msiba mwingine.

"Nani atakaa kumtazama mfiwa mwenye macho makavu?" alimwambia. "Tia kilio, mama, tusonge mbele."

"Bosi, kilio hicho kina mwenyewe. Na huyu nikimliza kwa nguvu, nani atasikia alichouliza?"

"Umeajiriwa kukata au kuhubiri?"

"Kukata. Ndiyo maana najua kisichokatwa."

Muda ulikuwa umewaishia. Habari ilikwenda hewani na swali la yule mfiwa, bila kilio. Kesho yake chati ilishuka tena, na Mama Mkasi akakabidhiwa barua: ajieleze kwa maandishi kwa nini asifukuzwe.

Mwanamke huyu aliingia kituoni akiwa mfagizi. Alijifunza kazi akiwa na ufagio mkononi, akichungulia mabegani mwa mafundi, mpaka siku mmoja wao alipougua akaambiwa akae yeye. Leo nusu ya mshahara wake ni ada ya kitinda mimba wake.

Ndiyo maana dada yake, anayeishi naye, amemsihi usiku na mchana.

"Omba radhi yaishe, mdogo wangu. Neno moja tu, litakung'oa jino?"

"Jino halitanitoka, dada. Lakini kesho wataniletea mfiwa mwingine, nami nitakuwa nimeshazoea."

Dada alinuna, kisha akamkatia karatasi kutoka daftari lake mwenyewe.

Majibu ameyaandika kwa mkono. Anakiri kwamba alikataa agizo, na kwamba kesho akiagizwa tena atakataa. Anaomba kituo kiweke kanuni: sauti ya mtu mmoja isitiwe kinywani mwa mwingine. Wakimfukuza, anasema, atakwenda kuunga picha za harusi.

"Huko angalau wanaolia wanalia wenyewe," anacheka.

Anaikunja karatasi, anaitia kwenye bahasha, analamba gundi na kuibana kwa kiganja. Anamwita tarishi. Kijana wa watu anaitazama anwani, anashusha sauti, anauliza kama asubiri jibu.

"Wewe peleka tu, baba," anasema Mama Mkasi, na kuvaa hedifoni zake.