Simu ya Marekani Iliyogoma Kaole

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Minara alinipeleka Vigwaza, akanivalisha mkanda wa usalama, akanyoosha kidole juu ya mnara wa simu. "Panda. Ukiogopa, shuka ukalime." Nilipanda, wallahi, na nikafika. Tangu hapo nikajiona fundi kuliko mafundi wote, na hicho ndicho kilichokuja kuniponza.

Miaka ile minara yetu ilizungumza na simu kwa masafa ya mia tisa na elfu moja mia nane. Masafa ndiyo njia ya hewani inayopitisha sauti. Marekani walitumia mengine, mia nane hamsini na elfu moja mia tisa. Ni kama redio: stesheni ikiwa haimo kwenye mistari ya redio yako, utazungusha kitufe mpaka vidole viume. Haya niliyasoma chuoni, nikafaulu mtihani, nikayasahau.

Nilipohamishiwa Bagamoyo, akanijia Bi Mwanaidi, mkulima wa Kaole, simu kaifunga kwenye pindo la kanga. Binti yake aliyeko Marekani alimpa msafiri amletee, akaagiza atie laini yake humo. Bi Mwanaidi akatia, na simu yake ya zamani akamgawia nduguye wa Makurunge. Tangu hapo, kimya.

"Mwanangu kajifungua, nimeletewa habari," alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Kwetu sisi, jina la mjukuu wa kwanza hulitoa bibi kwa kinywa chake, siku ya saba. Halitumwi kwa mtu. Leo siku ya tatu, baba."

"Ondoa shaka, mama. Hii imefungwa na kampuni ya huko isikubali laini za kwetu."

Nikaipeleka Dar ikafunguliwa. Wapi! Haikushika mtandao. Basi nikasema kosa ni la mnara. Siku ya sita nikapanda, nikaigeuza antena ielekee nyumbani kwake. Sijavua hata mkanda, wateja wa upande wa pili wameshaanza kulalamika, na Mhandisi wa Kanda yuko hewani.

"Nani kakuruhusu kugusa antena?"

"Kuna mama Kaole hapati mtandao, mkuu."

"Majirani zake wanapata?"

"Wanapata."

"Sasa mnara una kosa gani? Simu yake imetoka wapi?"

"Marekani."

"Masafa yake umeyasoma?"

Nilifungua mfuniko wa nyuma wa ile simu, nikayakuta yameandikwa: mia nane hamsini, elfu moja mia tisa. Jamani, aibu niliyoiona!

Nikairudisha antena mahali pake. Kesho yake, siku ya saba, nikaenda Kaole kuomba radhi. Nikaitoa laini, nikaitia kwenye kisimu changu cha vitufe. Mtandao ukajaa papo hapo.

"Siku zote hizo ulikuwa na kasimu hako mfukoni?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Nilikuwa nako, mama."

"Lo! Na wewe ndiye fundi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Tukakaa kungoja, na baada ya sala ya alasiri ikaita.

"Mama! Kila siku nakupigia hupatikani!" Sauti ilitoka kubwa hata mimi niliisikia.

Bi Mwanaidi alinipa mgongo, akatamka polepole: "Mwite Zuhura."

Kisha binti akasema, "Hospitali wananiuliza jina tangu siku ile. Nawaambia mama yangu hajasema. Karatasi iko tupu mpaka sasa hivi, mama."

Bi Mwanaidi akakaa chini, akalia na kucheka kwa pamoja. Na mimi machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Nimestaafu sasa. Simu za leo hubeba masafa mengi, na nyingi zikitoka ng'ambo hushika mtandao wetu bila ubishi. Ninyi vijana mnanicheka nikiuliza kwanza simu imetoka wapi. Chekeni tu, wanangu. Mimi nafurahi kwamba leo bibi wa Kaole anatia laini yake, anapiga, anataja jina la mjukuu wake, na hana haja ya kuningoja mimi nishuke mnarani.