Akiba ya Dakika

Mama yangu alikuwa akinunua dakika za simu ili asizitumie.

Yeye na baba wanaishi Mwamgongo, mimi nafundisha Ujiji, na katikati yetu kuna ziwa na boti ya asubuhi. Kazi yake ni dagaa. Anawanunua wabichi, anawaanika kwenye vichanja, kisha anawafungia ndani kusubiri siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawatoki na bei inapanda. Maisha yake yote yamejengwa juu ya jambo hilo: kilicho chako ukikitunza vizuri, utakikuta. Kwa hiyo kampuni ya simu ilipoanza kuuza dakika zisizoisha muda, alizielewa kuliko hata waliozitunga. Kila akiuza gunia, alinunua dakika akaziweka. Zilikuwa za siku ya shida, kwa sababu baba alikuwa na presha.

Kuzungumza naye kulikuwa mateso. "Mwakeye, tuko wazima, haya kata." Hata nikipiga mimi, alinikatisha: "Na wewe tunza zako!" Baba ndiye aliyeumia zaidi, maana yeye bila kusimulia hashibi. Siku moja alipokonya simu akaanza kunieleza jinsi alivyomwona mama mara ya kwanza mwaloni Katonga, pale boti zinaposhusha mizigo, akigombana na mchukuzi. "Nikamwambia, mzigo huo nitakubebea mimi. Sasa sikiliza alichonijibu..." Mama akaichukua simu. "Atakumalizia siku nyingine," akasema.

Kisha zikaanza zile jumbe. Mpendwa mteja, tumeboresha vifurushi vyetu. Neno hilo, kuboresha, hunitia baridi. Sijawahi kuona kifurushi kikiboreshwa nikabaki na kingi kuliko jana. Kifurushi changu cha wiki kilipunguzwa siku na jina likabaki lilelile. Intaneti ikawa inaisha simu ikiwa mfukoni. Ukiwapigia, unaambiwa simu yako ni muhimu sana kwao, halafu muziki. Nikamwonya mama azitumie dakika zake kabla hawajamgeukia na yeye.

"Nimelipa," akasema. "Anayekuuzia kitu kisha akarudi kukichukua ni mwizi, na mwizi hapigi hodi. Tena dagaa wakioza wananuka. Hizi zikioza si nitajua?"

Hakuwa na mazoea ya kuangalia salio. Nani hufungua gunia kila siku kuwatazama dagaa wake? Ujumbe uliosema kwamba dakika zote za zamani sasa zitakuwa na mwisho uliingia kwenye simu yake, si yangu, katikati ya matangazo ya bahati nasibu na miito ya nyimbo. Nilikuja kuusoma baadaye, zikiwa zimeshafutwa.

Asubuhi ya siku yenyewe ya shida baba alianguka kando ya vichanja. Mganga wa zahanati akasema apelekwe mjini haraka. Boti ilikuwa bado ufukweni ikipakia. Mama akamwomba nahodha asubiri kidogo, anipigie mimi nitafute gari la kuwapokea bandarini Kibirizi. Akapiga. Sauti ya mwanamke ikamwambia hana salio la kutosha.

Hapa huwa natamani kuacha kusimulia. Jirani aliyekuwa naye alinieleza kwamba mama hakukata simu. Alimjibu yule mwanamke kwa adabu, kama vile amesimama naye dirishani: "Hapana, dada yangu, dakika zangu zipo. Angalia vizuri. Nina mgonjwa."

Akapiga tena, na tena. Jirani akampa simu yake, akaikataa. Zake zipo, atumieje za mtu? Akaona kosa ni la mtandao, maana kule kwetu simu hudaka hata minara ya Burundi, akapanda kilimani kutafuta mahali pazuri. Upepo wa kusini ulikuwa umeshaanza. Nahodha alisubiri kadiri alivyoweza, akayatazama mawimbi, akawatazama abiria wake, akang'oa nanga. Jirani aliponipigia mwenyewe, boti ilikuwa imeipita Gombe, na ziwa halikutulia mpaka kesho yake.

Baba hakufa. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba angefikishwa mapema huenda ulimi wake ungeokoka. Neno huenda silipendi tena. Nilikwenda ofisini kwa wenye mtandao. Mhudumu, mpole kabisa, alinigeuzia kioo cha kompyuta nione: mteja alijulishwa. Alikuwa anasema kweli. Nilimchukia kwa hilo, na namchukia mpaka leo.

Siku hizi mama ananipigia kila jioni. Hanunui tena zisizoisha muda. Ananunua za siku moja, na haziachi zilale. Hata dagaa anawauza wabichi palepale ufukweni, vichanja vimebaki vitupu. Ananiwekea simu sikioni mwa baba, nami namweleza habari za darasani na bei za sokoni. Namsikia akivuta pumzi, mara nyingine anaguna kama anataka kuanza jambo.

Nilimwuliza mama alimjibu nini baba siku ile ya Katonga. Amesahau, akasema, siku zote alijua baba analitunza jibu hilo.

Nikiishiwa maneno nikataka kuaga, hunizuia.

"Ongea, mwanangu," ananiambia. "Tusiwaachie hata dakika moja."