Wiki Sita za Hilaria

Mwalimu Yoakimu wa Bagara hakuandika uongo kwenye karatasi, hata kwa faida ya mtoto wake. Kanuni hiyo alirudi nayo kutoka Magdeburg, mji mkuu wa mkoa huko Ujerumani Mashariki, alikosomea michezo mwaka mzima. Alirudi pia na saa ya kupimia mbio na masimulizi yasiyokwisha: kanisa kuu la minara miwili kando ya mto Elbe, treni za barabarani, ukumbi ambamo watu walicheza mpira wa mikono huku nje theluji ikianguka. Lakini alichokisifu zaidi ni kadi ya kila mwanamichezo. Kule, alisema, kocha husoma kwanza tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, ndipo humtazama akikimbia.

Mwaka 1984 ikaja barua kutoka mji huohuo. Mkoa wetu ungepeleka msichana mmoja kwenye mashindano ya vijana, na akifanya vizuri angebaki huko kusoma. Awe amezaliwa mwaka 1968 au baadaye.

Hilaria, binti wa Yoakimu, alikuwa amemaliza darasa la saba bila kupata nafasi ya sekondari. Mlango mwingine hakuwa nao. Kila alfajiri alikimbia pekupeku toka Bagara hadi Nangara na kurudi, na kwenye mchujo wa Arusha aliwaacha wenzake mbali. Sabuni ilikuwa haionekani madukani, lakini majirani walichanga vipande vyao ili gauni lake la safari lifuliwe.

Ilibaki karatasi ya parokia ya kuthibitisha umri. Katekista Anselimu alifungua kitabu cha ubatizo, akasoma: amezaliwa Januari 1968. Akachukua kalamu ainakili.

"Hapana," Yoakimu akasema. "Ni katikati ya Novemba ya sitini na saba."

Alikumbuka vizuri. Hilaria alizaliwa shambani Mutuka, siku zile wanaume walipokuwa wakitembea kwa miguu kuunga mkono Azimio la Arusha. Alibatizwa baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, na aliyeandika kitabu alikisia tu, kama walivyokisiwa watoto wengi wa mashambani.

Anselimu aliweka kalamu chini. "Mwalimu, watu huja hapa kupunguza miaka. Wewe ndiye wa kwanza kuongeza."

"Andika ilivyo."

Anselimu alimsihi aende kwanza akalale, arudi kesho. Yoakimu alisimama palepale mpaka mstari ukafutwa na mwingine ukaandikwa juu yake.

Nyumbani, mkewe Redempta alikuwa akikunja lile gauni. Aliposikia, aliketi kitandani nalo mapajani.

"Baba Hilaria, nani alikuuliza?"

Yoakimu alieleza habari za kadi, za kocha, za heshima ya nchi. Alieleza kirefu, kama yuko darasani. Hilaria alimsikiliza akiwa mlangoni mpaka alipomaliza.

"Ungenyamaza tu, baba," alisema. "Kitabu kilikuwa kimeshasema."

Akaenda msichana mwingine. Alirudi na viatu vya kukimbilia na picha ya lile kanisa la minara miwili, akaja kumwonyesha mwalimu. Yoakimu aliitazama, akamtajia jina la kila mtaa ulioonekana, kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa peke yake hadi Redempta alipomwita kula.

Hilaria hakukimbia tena. Alihamia kwa shangazi yake Mutuka, akaolewa hukohuko, akalima. Si mwendo mrefu, na Yoakimu huenda mara kwa mara. Binti yake humtolea kigoda, humletea maji ya kunywa, na kumsalimu kwa adabu zote: "Shikamoo, mwalimu."

Watu wa Bagara bado humwita Baba Hilaria. Alisema kweli, na kweli ile ilikuwa ya wiki sita tu. Ilimgharimu Hilaria masomo yake na mbio zake. Yoakimu ilimgharimu mtoto.