Alitaka Kuja Kutibiwa Nyumbani

Nakumbuka Jumanne ile, wiki iliyofuata Pasaka, siku niliyompoteza mdogo wangu Dativa. Alifia Amerika. Mimi nilikuwa hapa Rwanda, mtaani Kimisagara, kwenye cherehani yangu.

Mwanangu, sikusoma sana, nitakueleza tu ilivyokuwa. Tulikulia Karagwe, tukarudi Rwanda tukiwa wasichana, kisha yeye akapata njia ya kwenda kule kufanya usafi hotelini. Mwaka mmoja kabla hajafa alinipigia simu, akasema ana uvimbe kwenye titi.

"Si uende hospitali? Huko ndiko kwenye madaktari."

"Wapo, dada. Ila ukigusa mlango tu, barua ya malipo inakufuata nyumbani. Huku hata kukohoa mtu anafikiria kwanza." Akacheka. "Nije nitibiwe huko? Nilipie bima ya mituweli kama nyinyi, na wewe uniletee uji wodini."

Nikamjibu, "Mtu atoke Amerika aje kupanga foleni na sisi kituo cha afya? Watu watasema umefukuzwa."

"Waseme," alisema. Lakini hakuuliza tena.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejisifu mno kwa wateja wangu juu yake. Niliogopa midomo yao.

Alipoenda hospitali hatimaye, walimpokea vizuri. Aliniambia muuguzi alilipasha blanketi moto kabla ya kumfunika. Ujuzi wanao, sitawasingizia. Ugonjwa ndio ulikuwa umeshaenea. Mpaka leo nikiwaona akina mama wanaingia wodini na vikapu vya chakula, natamani kikapu kimoja kiwe changu, naye awe ndani ananisubiri.

Kwa hiyo, mwanangu, ndugu yako akikuambia anaumwa, usiangalie yuko nchi gani. Muulize kama ameonwa na daktari. Akishindwa gharama, mwambie arudi, kapange naye foleni, na majirani waseme wanavyotaka. Mungu akupe afya, na siku ukilazwa akupe mtu wa kukuletea uji ukiwa bado wa moto.

Jumapili, siku mbili kabla ya ile Jumanne, alinipigia. Sauti ilikuwa ndogo. Aliniuliza nimepika nini.

"Isombe na maharage."

"Niwekee, dada."

Nikachukua sahani, nikampakulia, nikaifunika.