Kumhesabia Baba Taa ya Injini

Gari za zamani hazihitaji kompyuta ili ziseme zinaumwa wapi. Unachukua kipande cha waya, unaunganisha matundu mawili kwenye kiboksi kilicho karibu na betri, unawasha swichi bila kupiga stata, kisha unaitazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikikonyeza mara tatu, ikapumzika, ikakonyeza mara moja, hiyo ni thelathini na moja, na fundi anajua atafute wapi. Baba yangu alifanya kazi hiyo Nyahanga, hapa Kahama, tangu sijazaliwa, na alihesabu kwa Kisukuma. Mafundi wenye mashine za kupimia walimcheka. Aliwajibu kwamba gari lisilojua Kisukuma lisije Kahama.

Mimi nina duka la vipuri, hatua chache kutoka gereji yake. Ndiyo maana nilijua kabla ya watu wote. Wateja walianza kurudisha sensa alizowaagiza wanunue. Baba alikuwa amehesabu mbili na moja, kumbe ni mbili na mbili. Mtu kabadilisha sensa ya bomba la moshi wakati iliyokufa ni ya joto la maji. Mwanzoni nilimkasirikia. Nilidhani ni uzembe wa uzee, na nilimwambia hivyo, kwa mdomo huu huu. Hospitali wakasema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi.

Hakutaka watu wajue. Fundi asiyeona atapewa gari na nani? Basi kila alipokuja mteja nilifunga duka, nikakaa kiti cha dereva, nikahesabu kwa sauti, kwa Kisukuma kama yeye, kama mtu anayefanya mzaha. "Imo, ibili, idatu..." Wateja walicheka, wakasema huyu mama kamrithi baba yake. Tuliishi hivyo karibu mwaka mzima.

Asubuhi moja alikuja bwana mwenye pikapu kutoka machimbo ya Geita. Nilikuwa nahudumia mtu dukani, nikachelewa. Nilipofika, baba alikuwa ameinamia usukani, uso karibu ugusane na dashibodi.

"Balbu imeungua," alimwambia yule bwana. "Haiwaki kabisa."

Taa ilikuwa inawaka. Ilikuwa inakonyeza mbele ya pua yake. Yule bwana alinitazama. Alikuwa mtu mzima, mwenye adabu, hakusema neno, na nadhani ukimya ule ndio uliomshtua baba.

"Ng'wanone," aliniita, mwanangu. "Inawaka?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimeshamdanganyia watu mwaka mzima.

"Inawaka, baba."

Aliweka mikono yote miwili kwenye usukani. Kisha akasema, "Haya, hesabu."

"Ibili," nilisema, nikangoja taa ipumzike. "Ibili."

"Mfungie sensa ya joto la maji."

Niliileta kutoka dukani nikaifunga mwenyewe. Injini ikatulia. Yule bwana aliingia kwenye pikapu, akatoa kichwa dirishani.

"Asante sana, fundi," alisema, macho yake kwangu.

"Karibu tena, bwana," baba akajibu.

Sikumsahihisha. Ndiyo siku pekee niliyofurahi kwamba baba haoni, na furaha ile inaniuma hadi leo.